Kufungwa kwa vikundi vya habari vya Usenet

Kufungwa kwa vikundi vya habari vya Usenet ni hatua iliyochukuliwa na watoa huduma wengi wa intaneti, hasa kati ya mwaka 2005 na 2010, ya kuzima seva ambazo wateja wao walizitumia kusoma na kutuma ujumbe katika vikundi hivyo. Hatua hiyo haikuimaliza Usenet yenyewe. Vikundi vinaendelea hadi leo katika seva nyingine, na mtu aliyeko Kibaha au Kisarawe katika Mkoa wa Pwani, Tanzania, anaweza kuvifikia kama alivyo mtu wa Berlin. Kilichobadilika ni kwamba zamani huduma hii ilikuja pamoja na muunganisho wa intaneti, na sasa msomaji anapaswa kuitafuta mwenyewe.

Jinsi Usenet inavyofanya kazi

Kikundi cha habari ni mahali pa majadiliano ya maandishi kuhusu mada moja. Licha ya jina lake, hakihusiani na magazeti wala redio. Mfano unaosaidia ni ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Tuseme kila kijiji cha wilaya kina ubao wake, na kila karatasi inayobandikwa kwenye ubao mmoja hunakiliwa na kupelekwa kwenye mbao nyingine zote. Mwanakijiji husoma ubao wa karibu naye tu, lakini anayoyasoma yametoka wilaya nzima. Ubao mmoja ukiondolewa, mbao nyingine hubaki na nakala zao.

Katika Usenet mbao hizo ni seva. Kila seva hubadilishana ujumbe na seva jirani, na hakuna seva iliyo kuu kuliko nyingine. Hapo ndipo Usenet inapotofautiana na tovuti ya majadiliano, ambayo ujumbe wake wote uko kwa mmiliki mmoja.

Majina ya vikundi hupangwa kutoka jumla kwenda mahususi. Vinavyoanza na comp ni vya kompyuta, sci ni vya sayansi, soc ni vya jamii na tamaduni, rec ni vya burudani. Kwa hiyo soc.culture.african ni kikundi cha jamii, upande wa utamaduni, kuhusu Afrika. Kipo pia soc.culture.kenya. Kundi la alt lilianzishwa kwa ajili ya vikundi ambavyo havikupitia utaratibu wa kupigiwa kura, na ndani yake vikakua vikundi vya alt.binaries, ambavyo havibebi majadiliano bali mafaili ya picha, muziki na filamu. Vikundi hivi vya mafaili ndivyo vilivyoleta sehemu kubwa ya matatizo yaliyofuata.

Historia

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke huko North Carolina, Marekani. Steve Bellovin wa chuo jirani cha University of North Carolina aliandika programu ya kwanza ya majaribio. Kompyuta zilipigiana simu kwa modemu, zikapeana ujumbe uliokusanyika, kisha zikakata simu. Mwaka 1986 ilitolewa itifaki ya NNTP, inayowezesha ujumbe kusafiri moja kwa moja kupitia intaneti, nayo ndiyo inayotumika hadi sasa.

Mambo kadhaa makubwa ya historia ya kompyuta yalitangazwa humo kwanza. Mwezi Agosti 1991 Tim Berners-Lee alieleza mradi wake wa World Wide Web katika alt.hypertext. Mwezi huohuo Linus Torvalds aliandika katika comp.os.minix kwamba anatengeneza mfumo wa uendeshaji, ambao baadaye uliitwa Linux.

Tukio jingine linawagusa Waafrika wengi kuliko wanavyodhani. Mwezi Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walituma tangazo la kuwasaidia watu kushiriki bahati nasibu ya Green Card ya Marekani. Walilituma katika maelfu ya vikundi kwa mpigo, bila kujali mada. Tangazo hilo huhesabiwa kuwa mwanzo wa ujumbe taka wa kibiashara katika Usenet, na bahati nasibu yenyewe bado huwavuta watapeli na wateja wao Afrika ya Mashariki hadi leo.

Watoa huduma wanaondoka

Katika miaka ya 1990 mtoa huduma wa intaneti wa kawaida Marekani au Ulaya alimpa mteja vitu vitatu: barua pepe, nafasi ya ukurasa wa wavuti, na seva ya habari. Seva hiyo ilianza kuwa mzigo. Ujumbe wa maandishi ni mdogo sana, lakini mafaili ya alt.binaries yaliongezeka hivi kwamba, kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000, mtiririko mzima wa Usenet ulikuwa terabaiti kadhaa kwa siku. Mtoa huduma alilipia diski na njia za mawasiliano kwa ajili ya kitu ambacho wateja wengi hawakukijua. AOL iliacha huduma hiyo mapema mwaka 2005.

Pigo kubwa lilikuja Juni 2008. Andrew Cuomo, wakati huo Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York, alitangaza makubaliano na Verizon, Time Warner Cable na Sprint ya kuzuia picha za unyanyasaji wa kingono wa watoto. Wachunguzi wa ofisi yake walikuwa wamezikuta picha hizo katika vikundi 88. Idadi hiyo ni ndogo sana ukilinganisha na makumi ya maelfu ya vikundi vilivyokuwepo, lakini kampuni hazikuishia kwenye hivyo 88. Sprint iliondoa kundi zima la alt. Verizon ilibakiza makundi makuu tu. Time Warner Cable ilifuta vikundi vyote. Kwa hiyo aliyekuwa akisoma hisabati au kilimo cha bustani alipoteza huduma kwa sababu ya makosa yaliyotendwa mahali asipowahi kufika. Ni vigumu kuepuka hisia kwamba kwa baadhi ya kampuni, makubaliano hayo yalikuwa pia nafasi ya kutua mzigo uliokuwa umeshawachosha.

AT&T ilizima seva zake mwaka 2009. Tarehe 20 Mei 2010 Chuo Kikuu cha Duke, palipoanzia yote, nacho kilizima seva yake. Mwaka huohuo Microsoft ilianza kufunga vikundi ilivyoviendesha kwa ajili ya wateja wake wenye maswali ya kiufundi.

Afrika ya Mashariki

Huku Afrika ya Mashariki hadithi ina sura nyingine. Mapema miaka ya 1990, kabla ya intaneti kamili kufika, taasisi chache ziliunganishwa kwa Fidonet, mtandao uliobuniwa na Tom Jennings mwaka 1984 kwa ajili ya kompyuta ndogo na simu za kawaida. Nairobi kulikuwa na NGONET, iliyohudumia mashirika yasiyo ya kiserikali. HealthNet iliwahudumia madaktari na watafiti wa afya katika nchi kadhaa. Mradi wa ESANET uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Ujumbe ulikusanywa mchana, ukafungwa pamoja, ukabanwa ili upungue ukubwa, kisha ukapelekwa kwa simu moja fupi. Lango la GreenNet mjini London liliunganisha mitandao hii na mitandao mingine ya dunia.

Fidonet ilikuwa na majadiliano ya hadhara yanayofanana na vikundi vya habari, na yalikuwepo malango ya kuhamisha ujumbe kati yake na Usenet. Lakini kila ujumbe ulilipiwa gharama za simu ya kimataifa, na mtiririko mzima wa Usenet ulikuwa mkubwa mno kwa njia hiyo. Ndiyo maana hapa orodha ya barua pepe, inayopeleka ujumbe unaohitajika tu kwa mtu anayeuhitaji, ilitangulia kuzoeleka. Hata kampuni ya Africa Online ilianzishwa na Wakenya waliokuwa wanasoma Marekani, wakitokea kwenye orodha ya barua pepe ya Wakenya walioko ughaibuni.

Watoa huduma wa kwanza wa intaneti Tanzania walianza Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990. Mawasiliano ya nje yalipita kwenye satelaiti kwa bei kubwa hadi mkongo wa baharini wa SEACOM ulipoanza kazi Julai 2009, ukifuatiwa na EASSy mwaka 2010. Tazama tarehe hizo: kasi ya kutosha ilifika pwani ya Tanzania katika miezi ileile ambayo watoa huduma wakubwa wa Marekani walikuwa wakizima seva zao za habari. Kizazi kilichoanza kutumia intaneti baada ya hapo kilikuta Facebook, na baadaye WhatsApp, na hakikuwa na sababu ya kujua kwamba palikuwa na kitu kingine.

Majadiliano ya hadhara kwa Kiswahili yalipata nyumba kwingine. Jambo Forums, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Maxence Melo na Mike Mushi na kuitwa JamiiForums tangu 2008, ikawa jukwaa kubwa la Kiswahili la aina hiyo. Ina nyuzi, vyumba vya mada na majina ya kubuni, mambo ambayo msomaji wa zamani wa Usenet angeyatambua mara moja. Tofauti ni kwamba jukwaa hilo liko mahali pamoja. Juni 2018 lilisimama kwa muda baada ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuagiza majukwaa na blogu ambazo hazijasajiliwa zisitishe kuweka maudhui. Septemba 2025 TCRA iliisimamishia leseni kwa siku 90. Amri ya mamlaka na uamuzi wa kibiashara wa mtoa huduma si kitu kimoja, lakini kwa msomaji matokeo hufanana: mlango ni mmoja, ukifungwa hana pa kuingilia.

Kibaha na Kisarawe

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kando ya Barabara ya Morogoro, yapata kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Kisarawe iko kusini-magharibi mwa jiji hilo, nyuma ya vilima vya Pugu. Maeneo yote mawili yana shule za bweni za siku nyingi. Kibaha kuna Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mradi wa nchi za Nordiki wa miaka ya 1960 na kukabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970, pamoja na Shule ya Sekondari Kibaha inayopokea wanafunzi wenye vipaji maalumu. Kisarawe kuna Shule ya Sekondari Minaki, iliyotokana na chuo cha wamisionari wa Kianglikana.

Katika wilaya hizi, kama kwingi Tanzania, watu wengi huingia intaneti kwa simu na kununua kifurushi cha siku, wiki au mwezi. Kampuni za simu huuza dakika, SMS na data. Vikundi vya habari havimo katika orodha hiyo. Mteja wa Kibaha kwa hiyo hakunyang'anywa seva ya habari kama mteja wa New York. Yuko mahali ambapo yule wa New York aliachwa baada ya 2008: ana njia ya intaneti, na seva lazima aitafute nje.

Suala la gharama linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa hapo Usenet ya maandishi ina faida ambayo imesahauliwa. Ujumbe wa maneno 300 hauzidi sana kilobaiti 2 au 3. Ujumbe 1,000 wa aina hiyo ni megabaiti 2 au 3, yaani sawa na picha moja nzuri ya simu. Programu ya kusomea inaweza kuuvuta wote kwa mpigo, mtumiaji akazima data, akasoma jioni nzima na kuandika majibu yake, kisha akawasha data kwa dakika moja kuyatuma. Utaratibu ni uleule wa Fidonet. Unafaa pia mahali penye mawimbi hafifu. Baadhi ya minara ya vijijini iliyojengwa kwa msaada wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF) ilianza na teknolojia ya 2G kabla ya kuongezewa uwezo, na 2G, inayoshindwa kabisa na video, hupitisha maandishi bila shida.

Shule yenye maabara ya kompyuta inaweza kwenda mbali zaidi. Programu huria ya Leafnode ilitengenezwa kwa ajili ya vituo vidogo vyenye muunganisho wa polepole au usiodumu. Huwekwa kwenye kompyuta moja, huvuta vikundi vinavyosomwa tu, na kompyuta nyingine za maabara husoma kutoka kwake kwa waya wa ndani. Wanafunzi 40 wakisoma kikundi kimoja, data hulipiwa mara moja. Mwalimu ndiye anayechagua vikundi, na vya mafaili havina haja ya kuingia kabisa.

Njia mbadala

Kwa mtu mmoja, njia rahisi ni seva ya bure ya maandishi. Inayojulikana zaidi ni Eternal September, ambayo hutaka usajili lakini haidai malipo, na haibebi vikundi vya mafaili. Jina lake ni mzaha wa wanausenet: zamani kila Septemba wanafunzi wapya wa vyuo waliingia wakiwa hawajui adabu za humo, na AOL ilipowafungulia mlango wateja wake wengi, wenyeji wakasema Septemba ya 1993 haijawahi kuisha. Ipo pia Individual.net ya Freie Universität Berlin, inayotoza ada ndogo kwa mwaka. Kampuni za kulipia kama Giganews hubeba kila kitu, mafaili yakiwemo. Kwa msomaji wa maandishi pekee ni gharama isiyo ya lazima.

Programu ya kusomea inayopatikana kwa urahisi ni Thunderbird, ileile ya barua pepe. Mtumiaji huongeza akaunti ya vikundi vya habari, akaandika anwani ya seva, jina lake na nywila, na kuchagua mlango wa 563 wenye usimbaji fiche badala ya 119 usio nao. Kisha huchagua vikundi vya kujiunga na kuagiza ujumbe uhifadhiwe kwenye kompyuta. Wanaotumia Linux wana pia Pan, na slrn kwa wasiohitaji madirisha wala kipanya.

Tahadhari moja ni ya lazima. Ujumbe ukishatumwa hunakiliwa na seva nyingi katika nchi nyingi, na kuufuta baadaye hakufanikiwi kwa uhakika. Anwani ya barua pepe inayoandikwa juu ya ujumbe huonekana na kila mtu, wakiwemo wakusanyaji wa anwani kwa ajili ya matangazo. Kwa hiyo wengi huandika anwani ya kubuni inayoishia na .invalid, mwisho uliotengwa rasmi ili usiwe wa mtu yeyote. Kuhusu vikundi vya mafaili, sheria ya nchi inamfuata mtumiaji hata kama seva iko ng'ambo: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza picha za ngono za watoto, na filamu au muziki wa kunakiliwa bila idhini ni kosa la hakimiliki.

Anayefungua Usenet leo asitarajie shangwe za miaka ya 1990. Vikundi vingi vimekufa, vingine vimejaa matangazo na wagomvi wasiochoka. Vilivyo hai zaidi ni vya kompyuta za zamani, lugha za programu, hisabati na mambo ya ufundi, na karibu vyote ni vya Kiingereza au lugha za Ulaya. Kwa Kiswahili hakuna mkusanyiko wa maana humo.

Kwa hiyo wengi hupata wanachokitaka mahali pengine. Maswali ya programu yalihamia Stack Overflow, iliyoanza 2008, na mazungumzo ya mada mbalimbali yalihamia Reddit, iliyoanza 2005. Tovuti hizo ni nyepesi kutumia, ila zina mwenyewe. Mastodon, iliyotolewa 2016, iko karibu zaidi na wazo la Usenet kwa sababu seva nyingi za wamiliki tofauti hupeana ujumbe. Orodha za barua pepe nazo hazijafa, na Gmane, iliyoanzishwa na Lars Ingebrigtsen mwaka 2002, huzionyesha nyingi kana kwamba ni vikundi vya habari, katika programu ileile.

Hakuna kati ya hizi inayosaidia intaneti yenyewe ikizimwa, kama ilivyotokea Tanzania kuanzia siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025. Siku kama hiyo hubaki kile tu kilichokwisha kuhifadhiwa kwenye mashine, na hapo programu inayoshusha ujumbe wote mapema ina nafuu kuliko ukurasa unaosomwa moja kwa moja kutoka ng'ambo.

Kumbukumbu za zamani

Kampuni ya Deja News ilianza kuhifadhi ujumbe wa Usenet mwaka 1995, ikanunuliwa na Google Februari 2001. Desemba mwaka huo Google ilifungua hifadhi inayorudi hadi 1981, kwa msaada wa kanda za sumaku zilizotunzwa na Henry Spencer wa Chuo Kikuu cha Toronto, ambaye hakuwa ametumwa na mtu kuzitunza. Kwa miaka mingi Google Groups ilikuwa pia njia rahisi ya kusoma na kutuma ujumbe kupitia kivinjari, na kwa wasio na seva ya mtoa huduma, Afrika ya Mashariki ikiwemo, ilikuwa mara nyingi njia pekee waliyoijua. Tarehe 22 Februari 2024 iliacha kupokea na kutuma ujumbe mpya wa Usenet. Ujumbe wa kabla ya siku hiyo bado unaweza kutafutwa na kusomwa humo, ule wa soc.culture.kenya na soc.culture.african ukiwa miongoni mwake. Ulioandikwa baada ya hapo haumo, na anayeutaka lazima apate seva ya habari.